Hombolo Haimo Kwenye Fomu

Saa kumi na moja alfajiri, Dodoma bado ina baridi ya mawe,
nawasha taa ya chumba namba sita
napiga chapa bahari
ambayo sijawahi kuiona.

Tanga hadi Pangani: upepo wa kusi, kilomita thelathini kwa saa.
Mawimbi mita moja na nusu, mbili baada ya adhuhuri.
Bamvua. Kujaa saa kumi na dakika ishirini,
kupwa saa nne na nusu.
Vyombo vidogo vichukue tahadhari.

Vyombo vidogo! Kwa mama yangu kule Chahwa
vyombo vidogo ni vibuyu,
na wa kuchukuliwa tahadhari ni mbuzi.

Mwaka wa tisa huu nahesabu maji
kama karani wa benki anavyohesabu noti:
zinapita vidoleni, hazilali kwake.
Nahodha mmoja, Mwinyikombo, alipiga simu.
Akasema, mama, dakika zako zilinitoa fungu la mchanga,
watu kumi na wawili na magunia ya nazi.
Uko bandari gani, nije nikushike mkono?
Nikatazama dirishani: vumbi, bodaboda,
mbwa amelala kwenye kivuli cha tangi tupu.
Nikamwambia nilipo.
Akanyamaza. Kisha akacheka
kama mtu aliyegundua kwamba fundi aliyemjengea nyumba
hulala nje.

Lakini anayenikosesha usingizi ni mjomba Mbeleje wa Hombolo.
Ana mtumbwi mmoja wenye kiraka cha lami ubavuni,
nyavu za perege,
na redio iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli.
Kila jioni anasikia Tanga, Unguja, Mafia, Mtwara,
na maziwa nayo, moja moja, mpaka Nyasa,
halafu muziki.
Ananipigia. "Sechelela, na sisi?"

Namwambia, bwawa halipwi, mjomba.

"Njoo uonje," anasema. "Haya yana chumvi.
Mwezi unayaona kama unavyoyaona ya wenzetu.
Na nani kakudanganya hayapwi?
Mwaka ule wa njaa yalipwa
hadi nikaokota topeni jembe la baba,
mpini wake bado umo."

Fomu ina mistari kumi na mmoja.
Nilimwandikia mkuu wangu kuomba wa kumi na mbili.
Barua ilirudi na maneno mawili pembeni, wino mwekundu:
Si bahari.

Basi jana, Mei hii, mvua zetu zikiwa zimeshafunga virago,
nilibaki ofisini wenzangu walipotoka,
nikaandika kwa mkono, nyuma ya karatasi iliyoharibika:

Hombolo. Maji yalijaa usiku mmoja wa Januari,
Kinyasungwe ulipokuja unanguruma
umebeba mabua ya uwele na mlango wa choo cha mtu.
Kupwa kumeanza. Kutachukua miezi saba.
Alfajiri shwari; anayevuka avuke mapema.
Saa nne upepo wa mashariki utaamka kwenye mashamba ya zabibu,
mawimbi kimo cha goti la mtoto,
nalo goti la mtoto, tunajua, humwangusha mtu mzima.
Upande wa tuta kuna kiboko.
Huyo hana utabiri.
Bamvua lijalo: Desemba, Mungu akipenda,
na asipopenda tutaambiana.
Vyombo vidogo, yaani wewe mjomba,
vaa lile boya nililokununulia,
acha kulifanya mto.

Nilimsomea kwenye simu
kwa sauti ileile ninayowapa watu wa pwani,
bila kuharakisha, bila kucheka.
Hakujibu. Nilisikia maji yakigonga ubao,
kitu ambacho katika miaka tisa
sijawahi kukisikia kazini.

Kisha akasema, "Rudia hapo kwenye kupwa.
Polepole. Chilewa yuko hapa,
anaandika."